Mwinyi: Cheo Kilichogeuka Kuwa Jina

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisomesha somo la mabadiliko ya maana za maneno, na mfano nilioutaja siku hiyo ulikuwa neno umwinyi. Niliwaeleza wanafunzi kwamba katika mazungumzo ya siasa baada ya uhuru neno hilo liliwekwa karibu na ukabaila na ubwanyenye, na kwamba hata leo mtu akiambiwa aache umwinyi huwa ameonywa asipende kutumikiwa na kula jasho la wenziwe. Kipindi kilipokwisha alinijia kijana mmoja, mzaliwa wa Paje, katika pwani ya mashariki ya Unguja. Alinisalimu kwa adabu, kisha akasema: "Mwalimu, mimi jina langu ni Mwinyi. Nimepewa jina la babu yangu, na yeye alipewa la babu yake. Kwetu hatukupata kuwa na shamba la karafuu wala mtumwa. Babu yangu alikuwa mvuvi. Basi huo umwinyi tuliupatia wapi?"

Sikuwa na jawabu ya kumpa pale pale. Nilimwambia tu kwamba neno na jina ni vitu viwili, naye akaitikia kwa heshima ambayo ilinionyesha wazi kuwa hakutosheka. Na kweli jawabu hiyo haitoshi. Jina ni neno lililokabidhiwa mtu alichukue maisha yake yote. Likipata dosari, dosari humfika aliyelichukua. Kwa hiyo insha hii yakusudia kulitazama jina hili, ambalo katika mashamba ya Unguja ni adimu kuliko Haji, Makame au Khamis, na kuuliza mambo matatu: neno lenyewe latoka wapi, lilikuwaje cheo, na cheo hicho kiligeukaje kuwa jina la mwana wa mvuvi.

Tuanze na neno. Kila asomaye Kiswahili ajua kivumishi -enye: mwenye nyumba, wenye akili, shamba lenye mawe. Umbo hili ni la asili kabisa katika lugha yetu, wala halikukopwa popote. Katika Kiswahili cha zamani lilisikika pia kwa kumalizia na i, yaani mwenyi, na mpaka leo wako wazee waandikao Mwenyiezi Mungu pale ambapo sisi twaandika Mwenyezi Mungu. Jina hilo tukufu lenyewe ni maneno mawili yaliyoungana: mwenye na enzi. Kutoka mwenyi hadi mwinyi hatua ni fupi. Irabu ya mwisho imeivuta irabu iliyotangulia, na sauti ny iliyo katikati, ambayo hutamkwa kwa ulimi kuinuka kwenye kaakaa, imesaidia mvuto huo. Mwenye, mwenyi na mwinyi, basi, ni neno moja lililovaa nguo tatu.

Lakini matumizi yake hayako sawa. Mwenye ni neno lisilojitosheleza. Ukilitamka peke yake msikilizaji atangoja umalizie. Mwenye nini? Mwenye duka, mwenye deni, mwenye shida. Mwinyi halingoji kitu. Lasimama peke yake kama nomino kamili, na maana yake ni bwana, mtu wa daraja, mtu ambaye haina haja kutaja anamiliki nini kwa kuwa kila mtu anajua. Tofauti hii ndogo ya sarufi tuikumbuke, maana nitairudia mwishoni.

Neno hili lina ndugu wengi katika bara. Watawala wa Wafipa, karibu na ziwa Tanganyika, waliitwa Mwene. Dola kubwa iliyokuwa kusini ya mto Zambezi ilikuwa chini ya Mwene Mutapa, na Wareno walipolisikia jina hilo wakaliandika Monomotapa, likaenea katika ramani za Ulaya. Mfalme wa Kongo, upande wa bahari ya Atlantiki, aliitwa Mwene Kongo, nao Wareno wakaandika Manikongo. Hivyo basi, watu wa lugha za Kibantu kutoka bahari moja hadi nyingine waliona kuwa mtawala ni yule aliye na nchi, na wakamwita kwa neno la kumiliki. Mswahili wa pwani alirithi fikira hiyo pamoja na neno lake, hata baada ya kusilimu na kujifunza kusema sultani, amiri na sheikh.

Katika pwani yenyewe neno lilichukua sura mbalimbali. Katika Lamu watu wa nasaba ya Mtume waliheshimiwa kwa kuitwa Mwenye, na mshairi mashuhuri wa huko, Sayyid Abubakar, aliyefariki mwaka 1922, anajulikana zaidi kwa jina la Mwenye Mansabu. Katika Ngazija neno liko mpaka leo mbele ya majina ya wanaume, ila kwa kuwa wenyeji wa huko walitawaliwa na Wafaransa laandikwa Mouigni. Gavana wa kisiwa hicho kuanzia mwaka 2011 hadi 2016 aliitwa Mouigni Baraka. Katika Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Unguja, lilikuwa moja katika vyeo vingi vya miji, pamoja na jumbe, diwani, shomvi na waziri. Mwandishi aliyetuachia habari nyingi za vyeo hivyo na sherehe zake ni mtu wa Bagamoyo, na maelezo yake yalichapwa mwaka 1903 katika kitabu Desturi za Wasuaheli. Jina lake ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Kwa hiyo hata kalamu iliyotueleza habari za vyeo ilishikwa na mtoto wa mtu aliyekuwa na cheo hicho ndani ya jina lake.

Misafara ya karne ya 19 ilipokwenda bara, jina lilikwenda nayo. Katika Ujiji, miaka ya 1870 na mwanzo wa miaka ya 1880, mkubwa wa watu wa pwani alikuwa Mwinyi Kheri. Katika Nyangwe, upande wa mashariki wa Kongo, alikuwako Mwinyi Mohara, aliyeingia katika vita vya miaka ya 1892 hadi 1894 kati ya watu wa pwani na dola ya mfalme Leopold. Wazungu waliowataja watu hawa waliandika kila mmoja kwa sikio lake: Muini, Munie, Muigni, Mwenyi. Msomaji asiyejua Kiswahili anaweza kudhani haya ni majina manne.

Wala hati ya Kiarabu, ambayo wazee wetu waliiandikia, haitusaidii kuamua lipi lilikuwa tamko la kweli la kila mji. Hati hiyo ina alama tatu tu za irabu fupi, na kasra huandikia e na i pia. Mwandishi wa barua wa Unguja wa miaka mia mbili iliyopita aliandika herufi zile zile, ama alitamka mwenyi ama mwinyi. Tamko twalijua kwa vinywa vya watu, si kwa karatasi. Hiyo ni sababu moja ya kusema kwamba historia ya majina haiwezi kuandikwa na mtu akaaye maktabani peke yake.

Sasa tuingie Unguja. Kisiwa hiki kilikuwa na watawala wake kabla ya kufika Waomani na kabla ya Wareno. Katika Kizimkazi, kusini ya kisiwa, uko msikiti ambao maandishi ya kibla chake yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Miladi; nao ni ushahidi kwamba sehemu hii ambayo leo huitwa shamba ilikuwa na watu wa dini, wa elimu na wa mali wakati ambapo mahali pa Mji Mkongwe palikuwa bado si mji wa kutajika. Mwaka 1503 nahodha wa Kireno, Ravasco, aliiteka mitumbwi ya Unguja na kumlazimisha mtawala wake kutoa kila mwaka ushuru wa miskali 100 za dhahabu. Katika karne ya 17 walitawala pia wanawake. Mmoja alijulikana kwa jina la Mwana Mwema, na mwingine, Fatuma, aliwasaidia Wareno walipozingirwa katika ngome ya Mombasa kuanzia mwaka 1696 hadi 1698, na Waomani walipoishinda ngome ile akahamishwa.

Mtawala wa Unguja alikuja kujulikana kwa cheo cha Mwinyi Mkuu. Tazama cheo hicho kilivyoundwa. Hakikusemwa Mwinyi peke yake, bali Mkuu. Maana yake ni kwamba wako mamwinyi wengine walio chini yake. Lau neno lingekuwa la mtu mmoja tu, lisingehitaji kuongezewa ukuu. Naona hapa pana dalili kubwa kuliko hati nyingi: katika Unguja ya kale umwinyi ulikuwa umetawanyika katika koo na miji, na mkuu alikuwa wa kwanza miongoni mwa wenziwe. Katika vijiji alikuwa na masheha wake, na mambo ya kila kijiji, ardhi na mila yaliamuliwa na wazee ambao kwa jumla waliitwa Watu Wanne.

Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, hakumwondoa Mwinyi Mkuu. Alimtumia. Mwinyi Mkuu akaendelea kukusanya kodi kutoka kwa watu wake na kuwatoa kufanya kazi, sehemu ya mapato ikawa yake na sehemu ikawa ya Seyyid. Mwinyi Mkuu aliyejulikana zaidi katika enzi hiyo ni Muhammad bin Ahmad, aliyejenga jumba lake Dunga, katikati ya kisiwa, kati ya miaka ya 1846 na 1856. Masimulizi ya jumba hilo si mazuri. Husemwa kwamba watumwa waliuawa ili damu yao ichanganywe katika chokaa, kuta zipate nguvu. Iwe ni kweli au ni hofu ya watu iliyogeuka hadithi, masimulizi hayo yanatuonyesha jinsi watu wa shamba walivyomkumbuka bwana wao. Hatutatenda haki tukimwambia kijana wa Paje kwamba neno lake halikupata kamwe kushika fimbo. Lilishika.

Muhammad alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmad akarithi cheo ambacho nguvu zake zilikuwa zimekwisha, naye akafariki mwaka 1873 bila ya kuacha mtoto wa kiume wa kukichukua. Hapo Mwinyi Mkuu akakoma. Jumba la Dunga likawa gofu, na siwa pamoja na ngoma za enzi zikaishia makumbusho mjini. Masheha wakaendelea, lakini sasa wakitumikia serikali ya Sultani, kisha ya Waingereza waliotangaza himaya yao mwaka 1890, kisha ya Mapinduzi. Na hata leo sheha ni kiongozi wa serikali katika shehia yake.

Hapa twaona tofauti kati ya vyeo viwili vya zamani. Sheha ni cheo kilichobaki na kiti chake, ingawa nalo pia hutumika kuwa jina la mtu. Mwinyi ni cheo kilichopoteza kiti. Cheo kisicho na kiti hufa au hutafuta pengine pa kukaa, na mwinyi lilipata mahali katika majina ya watu.

Lilifikaje huko? Naona njia tatu, na zote zilikuwa zikipitwa kwa wakati mmoja.

Njia ya kwanza ni heshima iliyotangulizwa mbele ya jina. Mtu mwenye daraja aliyeitwa Juma aliitwa Mwinyi Juma, kama leo tunavyosema Bwana Juma au Mzee Juma. Kadiri heshima ilivyozoeleka ikashikamana na jina, likawa Mwinyijuma. Mtoto wa mjukuu akapewa jina zima, heshima na vyote, kabla hajafanya lolote la kuheshimiwa. Ndivyo tulivyopata Mwinyihaji, Mwinyimkuu, Mwinyikondo na Mwinyihatibu. Na wapenzi wa ushairi wanamkumbuka Mwinyihatibu Mohamed wa Tanga, mtunzi wa Malenga wa Mrima. Katika Mrima na bara majina haya yakafupika zaidi, yakawa Mwinjuma na Mwinshehe. Mwanamuziki wa Morogoro, Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, alikuwa na mwinyi ndani ya jina lake, ingawa nadhani wachache katika waliocheza nyimbo zake walilitambua.

Kwa wanawake jambo hilo hilo lilitendeka kwa neno mwana, ambalo lilikuwa heshima ya mabibi wa daraja, kama tulivyoona kwa Mwana Mwema wa Unguja. Kwake tukapata Mwanajuma, Mwanaisha, Mwanakhamis na Mwanaidi, na Mwanajuma likafupika kuwa Mwajuma. Mwinyi na Mwana, basi, ni ndugu wa kiume na wa kike. Lakini bahati yao haikuwa moja. Majina ya Mwana yameenea mpaka hakuna tena ayasikiaye kuwa ni ya kibibi, na wala hakuna aliyemtukana mwanamke kwa kumwambia ana umwana. Mwinyi lilibaki adimu, na kwa kuwa adimu, lilibaki likisikika maana yake.

Njia ya pili ni desturi ya kurithisha jina la babu. Katika mashamba ya Unguja mtu aweza kuitwa Haji Makame Haji, na mwanawe akawa Makame Haji Makame. Majina mawili hupokezana vizazi na vizazi kama makasia mawili ya mtumbwi mmoja. Desturi hii ndiyo ihifadhiyo majina adimu. Jina ambalo katika mji lingepitwa na wakati, katika kijiji hurudi kila baada ya kizazi kimoja, si kwa sababu watu wanalipenda sana, bali kwa sababu babu hawezi kuachwa bila ya kutajwa. Kijana wangu hakupewa jina Mwinyi kwa kutamani ukubwa. Alipewa babu yake.

Njia ya tatu ni mapenzi ya nyumbani. Mtoto aliyepewa jina la babu, wazazi huona taabu kumwita kwa jina hilo wakati babu yu hai na amekaa pale pale ukumbini. Basi humwita baba, au bwana, au kwa neno jingine la heshima. Mtoto mchanga aitwaye bwana na mama yake si bwana wa mtu. Anaitwa hivyo kwa sababu jina lake la kweli ni la mkubwa. Neno mwinyi lingeweza kuingia kwa mlango huo huo, na likishaingia likakaa.

Sasa tumfikie Mpaje mwenyewe, maana swali lake lilikuwa la mahali hasa. Paje iko katika nchi ya mawe, upande wa kisiwa ambao karafuu haukuwahi kuutaka. Ardhi nyeusi yenye rutuba iko magharibi na kaskazini, na huko ndiko mashamba makubwa ya karne ya 19 yalikofunguliwa. Watu wa mashariki na kusini walibaki na uvuvi, usumba, minazi ya ufukweni, na mihogo na mtama katika vishimo vya udongo kati ya mawe. Serikali na wenye mashamba wakawaita Wahadimu. Neno hilo latokana na Kiarabu khadim, mtumishi. Wataalamu wamejadili walikuwa watumishi wa nani, wa Mwinyi Mkuu au wa Sultani, na wenyewe wengi hawakulipenda jina. Katika hesabu za watu za zama za Uingereza, kutoka ile ya mwaka 1924 hadi ile ya mwaka 1948, wengi waliliacha na kujiandikisha Washirazi. Lugha yao pia huiita Kikae, lugha ya kale, wala si lugha ya watumishi.

Yatazame basi majina haya mawili yakiwa pamoja katika kijiji kimoja. Nje, katika daftari la serikali, mtu aliandikwa mtumishi. Ndani, katika ua wa nyumba yake, alimwita mwanawe Bwana. Sidai kwamba aliyefanya hivyo alikuwa akifanya siasa. Lakini twajua kwamba Waswahili hawatoi jina ovyo. Mtoto ambaye ndugu zake wamekufa aweza kuitwa kwa jina la udhalili, mfano Mtumwa, ili mauti yasimtamani. Wala hakuna ajuaye mila ambaye atasema kuwa Mtumwa huyo ni mtumwa kweli. Vivyo hivyo, Mwinyi wa Paje si bwana kweli. Yote mawili si taarifa ya hali ya mtu, bali ni dua. Moja huomba mtoto apuuzwe na shari, jingine huomba asipuuzwe na watu.

Na jambo hili si la pwani yetu pekee. Waarabu huwaita watoto wao Amiri, Maliki na Sultani. Jina Basil, litumikalo Ulaya na kwa Wakristo wa Mashariki, latokana na neno la Kigiriki la mfalme, na Martha ni bibi katika Kiaramu. Hakuna anayemdai Martha hesabu ya mali yake.

Mbona basi kwetu Mwinyi adaiwe? Kwa sababu kwetu neno halikuachwa lipumzike. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliondoa usultani, na ardhi ikafanywa mali ya serikali. Bara, Azimio la Arusha la mwaka 1967 likafuata. Siasa mpya ilihitaji maneno ya kuutaja utaratibu uliokuwa ukiondolewa, na mojawapo lililochukuliwa ni mwinyi, likaongezewa kiambishi u- cha hali na tabia. Kisarufi hapana kosa: kutoka mfalme, ufalme, kutoka mwinyi, umwinyi. Lakini neno jipya lilipozaliwa lilimchukua mwinyi wa Dunga peke yake, yule wa kodi na kazi za lazima, likamwacha mwinyi wa ukoo na babu wa mvuvi. Watu wawili walikuwa na jina moja, na mmoja akahukumiwa kwa kesi ya mwenziwe.

Ajabu ni kwamba historia yenyewe haikulitii kamusi hilo. Baada ya kuuawa Mzee Abeid Amani Karume mwaka 1972, aliyeshika urais wa Zanzibar alikuwa Aboud Jumbe, ambaye jina lake kamili ni Aboud Jumbe Mwinyi. Alipojiuzulu mwaka 1984 nafasi yake ilichukuliwa na Ali Hassan Mwinyi, mzaliwa wa Mkoa wa Pwani aliyekulia Unguja, ambaye mwaka 1985 akawa Rais wa Tanzania, na aliyefariki mwaka 2024. Mwaka 2020 mwanawe, Hussein Ali Mwinyi, akaapishwa kuwa Rais wa Zanzibar. Serikali ya Mapinduzi, iliyokuja kuvunja ujumbe na umwinyi, imeongozwa na watu walioitwa Jumbe na Mwinyi. Wako wanaolitaja jambo hili kwa kejeli. Mimi naona ni ushahidi wa lile nililokwisha kulisema: kufikia wakati huo vyeo hivi vilikuwa vimekwisha kuwa majina, vimeingia katika nyumba za watu wa kawaida, hata mapinduzi yalipofika yakawakuta mamwinyi katika pande zote, na wengi wao wakiwa upande wa wanyonge.

Narudi sasa kwenye sarufi, kama nilivyoahidi. Nilisema kwamba mwenye hungoja kumaliziwa na mwinyi hajingojei. Lakini jina lilipomfikia mvuvi asiye na shamba, swali la kale likarudi: mwenye nini? Mila ya Unguja iliwahi kulijibu kwa hila yake. Katika kisiwa hiki mti na ardhi ni mali mbili mbalimbali. Mtu aweza kuwa mwenye minazi na asiwe mwenye ardhi iliposimama. Katika kiambo, haki ya mtu haikuwa hati bali ukoo: alikuwa mwenye kwa sababu alikuwa wa pale. Hata neno mwenyeji limesimama juu ya fikira hiyo, mwenye mji, mtu ambaye mji ni wake kwa kuwa yeye ni wa mji.

Swali hilo halijazeeka. Tangu mwaka 1989 hivi, wanawake wa Paje walianza kulima mwani katika maji ya pwani yao, na kwa mara ya kwanza wengi wao wakawa wenye fedha zao wenyewe. Baadaye hoteli zikasimama katika mchanga ule ule ambapo babu wa mwanafunzi wangu aliegesha mtumbwi wake. Leo watu wa Paje huitwa wenyeji kila siku, na wageni, na waongozaji wa wageni, na matangazo. Mwenyeji asiyekuwa mwenye ni mtu wa namna gani? Sheria ya ardhi ya mwaka 1992 ina jawabu zake, na wachumi wana zao. Mimi ni mwalimu wa lugha, na nasema tu kwamba lugha imeuliza kabla yao.

Nilipokutana tena na kijana yule nilimweleza kwa ufupi yale niliyoyaandika hapa. Nilimwambia kwamba umwinyi wa Dunga ulikufa bila mrithi mwaka 1873, wala hakuna aliyemwekea yeye deni lake. Na kwamba jina lake ni neno la kumiliki ambalo wazee wake, walioitwa watumishi na wengine, walijihifadhia na kulipokezana kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama katika vitabu vya maktaba yetu limo jina la Mwinyi yeyote wa Paje. Nilimjibu kwamba wamo watawala wa Dunga, na wafanyabiashara wa Ujiji, na marais. Mvuvi wa Paje hamna.

Akasema: "Basi kazi iko kwa bibi yangu. Yeye anawajua wote."

Ndiyo maana naimaliza insha hii kwa ombi kwa wanafunzi wa vyuo vyetu, hasa wale watokao mashamba. Mkienda likizo, kaeni na wazee muandike majina ya koo zenu, kwa utaratibu: nani alimrithi nani, aliitwaje nyumbani, aliitwaje na wake wa wanawe, na kwa nini. Msiyasafishe majina hayo yafanane na ya vitabuni. Muandike tamko kama mlivyolisikia, mwenye au mwenyi au mwinyi, kwa maana hati ya Kiarabu haikulihifadhi na daftari la serikali halikuuliza.